Kuomba kazi ya ualimu wa maandalizi au ustawi wa watoto Zanzibar: anza na vyeti

Tangazo la ajira serikalini likishatoka, muda wa kuomba huwa mfupi. Wengi wanaoachwa nje wana elimu ya kutosha, ila tangazo huwakuta cheti cha kuzaliwa kiko kwa shangazi Micheweni, na jina la kwenye kitambulisho halifanani na la kwenye cheti cha skuli. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza kabla ya tangazo.

Kwanza jua unaomba nini. Wanaotaka "kazi ya watoto" huchanganya kada mbili. Mwalimu wa maandalizi yuko chini ya Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliyaingiza maandalizi ya miaka 2 kwenye elimu ya lazima, mtoto akiwa na umri wa miaka 4 na 5, ili akifika 6 aanze darasa la kwanza. Kada hii humtaka mtu mwenye cheti au stashahada ya ualimu inayohusu watoto wadogo. Stashahada ya ualimu wa sekondari haikusaidii hapa, hata ikiwa na alama nzuri. Kada ya pili ni afisa ustawi wa jamii, chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto. Huyu ndiye anayefuatilia watoto waliotupwa, waliopigwa, waliodhalilishwa, na wale ambao wazazi wao wanagombea malezi. Kisomo chake ni ustawi wa jamii. Aliyesoma sosholojia asijiaminishe kuwa ni kitu kimoja; asome sifa zilizoandikwa, neno kwa neno.

Sasa vyeti. Matangazo ya Tume ya Utumishi Serikalini kwa kawaida hutaka barua ya maombi, maelezo binafsi, vivuli vya vyeti vya masomo, kivuli cha cheti cha kuzaliwa, kivuli cha kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na picha ya pasipoti iliyopigwa karibuni. Karatasi ya matokeo ya muda haipokelewi badala ya cheti chenyewe. Ukiwa umemaliza chuo na cheti hujakichukua kwa sababu ya deni la ada, hilo ndilo la kulimaliza mwanzo. Aliyesoma chuo kikuu nje ya nchi atatakiwa cheti chake kiwe kimethibitishwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na uthibitisho huo hauji kwa siku moja.

Kwenye majina ndiko watu wanakoumia zaidi. Sisi tunatumia majina matatu, la mtu mwenyewe, la baba na la babu, na kila karani ana maandishi yake. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, cha kidato cha nne kinasema Hamisi. Othman amekuwa Athumani. Mwanaisha amekuwa Asha kwa sababu mwalimu wa darasa la kwanza alimzoea hivyo. Wengine wameacha jina la babu wakaweka la ukoo, basi cheti kimoja ni cha Said na kingine ni cha Al-nani. Wewe unajua kwamba wote hao ni wewe; anayepitia maombi hajui. Viweke vyeti vyote mezani, usome herufi kwa herufi, na tarehe za kuzaliwa pia. Tofauti ikiwepo, nenda ofisi ya wilaya ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, uulize kipi kinaweza kurekebishwa kwao na kipi kinahitaji kiapo cha kisheria. Pitia kwa sheha kwanza, maana barua yake utaombwa tu. Na usiende kwa sheha siku ya mwisho ukamkuta yuko shamba.

Tangazo likitoka, maombi hutumwa kwa mtandao kupitia mfumo wa Tume ya Utumishi uitwao Zanajira. Fungua akaunti mapema, hata kama hakuna nafasi, ujaze taarifa zako taratibu. Tumia barua pepe yako mwenyewe, si ya kaka wa duka la intaneti, maana nywila ikipotea ujumbe wa kuirudisha utakwenda kwake. Vyeti viskaniwe vikae wima na visomeke. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono inaweza kukugharimu nafasi. Maombi hayalipiwi, anayekuambia kuna "kitu kidogo" ili jina lipite, mwache na njaa yake.

Barua iwe fupi. Iandikwe kwa Katibu wa Tume kwa anwani iliyo kwenye tangazo, na kichwa chake kitaje kada, wizara na kisiwa, kwa mfano: "YAH: OMBI LA NAFASI YA MWALIMU WA MAANDALIZI, WIZARA YA ELIMU NA MAFUNZO YA AMALI – PEMBA." Nafasi za Unguja na Pemba mara nyingi hutangazwa mbalimbali. Usiombe Pemba kwa kudhani kuna ushindani mdogo na huku huna nia ya kukaa Konde. Ndani ya barua eleza ulichosoma, ulikofundisha kwa vitendo, na watoto wa umri gani. Habari za kuwapenda watoto tangu utotoni kila muombaji anaziandika, kwa hiyo hazikutofautishi na mtu.

Walioitwa kwenye usaili hutangazwa kwa majina. Nenda na vyeti halisi. Kwa mwalimu wa maandalizi, jiandae kueleza utafanya nini na watoto 40 kwenye darasa lisilo na vifaa: vifuu, kokwa, mchanga, nyimbo. Vituo vya Tucheze Tujifunze, vya maandalizi vinavyoendeshwa na jamii, vilianza na vitu kama hivyo pamoja na redio, na anayevijua ana la kusema.

Kwa kada zote mbili, tegemea suala la ulinzi wa mtoto. Soma Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011. Mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Ukiulizwa utafanya nini mtoto akikuonyesha alama mwilini au akikutajia jirani, jibu lisiwe "nitawaita wazazi tuyazungumze". Muhali ndio uliozika kesi nyingi kwetu. Mtu anaogopa kumtia aibu mjomba, kesi inakwisha kwa sulhu ya barazani, mtoto anabaki na lake. Taja njia: mkuu wa skuli, afisa ustawi wa wilaya, dawati la jinsia na watoto polisi, kituo cha mkono kwa mkono hospitalini (daktari, polisi na ustawi mahali pamoja), na simu namba 116 ambayo kuipiga ni bure. Eleza pia kwamba hutamhoji mtoto mara kwa mara, wala hutamwosha au kumbadilisha nguo kabla ya kuonwa na daktari.

Ukikosa awamu hii, usikae nyumbani ukisubiri nyingine. Nasari za binafsi na zile za jamii zinaajiri bila kupitia Tume: unapeleka barua kwa mkuu wa skuli au kamati. Mashirika yanayoshughulika na watoto mara nyingi hutaka pia cheti cha tabia njema cha polisi na saini yako kwenye sera yao ya ulinzi wa mtoto. Hata ukijitolea, omba barua yenye muhuri inayotaja tarehe ulizoanza na kumaliza, na uiombe ungali upo hapo, kabla mkuu wa skuli hajahamishwa.