Mzigo wa vifaa vya kamera: usiuandike mstari mmoja

Juzi mpiga picha wa harusi kutoka Sinza kaniletea ankara ya Guangzhou yenye mstari mmoja tu: "vifaa vya kamera, vipande 46." Nikamrudishia. Mimi ni wakala wa forodha hapa Dar es Salaam, na mstari wa namna hiyo umeshanisimamisha mara nyingi mbele ya katoni zilizofunguliwa, nikimweleza afisa kitu kimoja kimoja.

Kabla hujalipa, mwambie muuzaji aandike kila kitu peke yake: jina, modeli, kimetengenezwa kwa malighafi gani, idadi na bei. Kisha shika kitabu cha Ushuru wa Pamoja wa Afrika Mashariki. Humo kila aina ya bidhaa ina namba yake ya tarakimu nane, na namba hiyo ndiyo inayoamua ushuru. Sita za kwanza ndizo za dunia nzima, kwa hiyo namba aliyoandika Mchina ichukulie kama fununu, usiinakili yote.

Wengi huanza kwa kuuliza kitu kinatumika na nini. Uliza kwanza chenyewe ni nini. Maelezo ya pili ya Sura ya 90 (sura ni tarakimu mbili za kwanza za namba) yanasema wazi: kifaa ambacho tayari kina kichwa chake, yaani kundi la tarakimu nne za kwanza, katika Sura ya 84, 85, 90 au 91 kinakwenda kwenye kichwa hicho, hata kama kimetengenezwa kwa ajili ya kamera.

Sasa fungua katoni. Lenzi ya kamera ni 9002.11, na filta zake 9002.20. Betri ya lithiamu ni 8507.60. Chaja ni 8504.40, memori kadi 8523.51, maikrofoni 8518.10. Stendi ya miguu mitatu ina nyumba yake, 9620.00, tangu toleo la 2017 la orodha hiyo ya dunia. Mawakala wa zamani bado wanaiweka kwa mazoea kwenye vifaa vya kamera, na mimi niliwahi kufanya hivyo hivyo.

Panapowachanganya watu zaidi ni kamera yenyewe. Ya filamu iko 9006. Ya dijitali haiko huko, iko 8525, na tangu toleo la 2022 ile ya kawaida ni 8525.89. Ukiona ankara yenye 8525.80, jua muuzaji anatumia kitabu cha zamani. Matokeo yake ni kwamba kishikio cha betri kinachofungwa chini ya kamera ya dijitali hakiendi 9006.91 ya sehemu za kamera za filamu, kinaifuata kamera yake hadi 8529, penye sehemu za vifaa vya 8525. Lakini flashi ya kielektroniki, hata ukiipachika juu ya kamera ya dijitali, inabaki 9006.61, kwa sababu kichwa cha 9006 kinazitaja flashi kwa jina. Usinilaumu, sikukiandika mimi.

Begi nalo lina mambo. Likija tupu, ni 4202, na hapo uso wake wa nje una maana: ngozi ina namba yake, kitambaa au plastiki namba nyingine. Lakini kasha lililochongwa kwa umbo la kamera fulani, likaja na kamera hiyo na kwa kawaida huuzwa nayo, linahesabiwa pamoja na kamera. Hiyo ni kanuni ya tano ya kufasiri namba hizi. Vivyo hivyo boksi la dukani lenye kamera, lenzi, betri na chaja: ni seti, na kamera ndiyo inayoipa sura yake. Betri 20 za akiba ulizoweka pembeni si sehemu ya seti.

Tofauti ya namba ina uzito. Chukua kitu chenye thamani ya forodha ya shilingi 1,000,000. Kwa ushuru wa asilimia 0, VAT ya asilimia 18 ni 180,000. Kwa asilimia 25, ushuru ni 250,000, kisha VAT inapigwa juu ya 1,250,000, yaani 225,000. Umeongeza 295,000, tozo nyingine hatujazigusa.

Usipokubaliana na uamuzi wa afisa, una siku 30 za kuomba Kamishna wa Forodha aupitie upya. Ambatanisha picha na karatasi ya maelezo ya mtengenezaji. Malalamiko matupu hayafiki mbali.

Yule wa Sinza karudi jana na ankara ya mistari 11. Mmoja umeandikwa "vinginevyo." Nimemrudishia tena.