Kumpa pole mshikaji wako wakili kwa lugha ya kitaa: hatua kwa hatua

Wiki hii dogo mmoja wa Soweto hapa Mbeya alinifuata na simu mkononi. Mshikaji wake wa tangu shule, siku hizi wakili, kafiwa na baba. Hao wawili huongea kitaa tupu, lakini kwenye simu alikuwa ameandika: "Kwa masikitiko makubwa nimepokea taarifa..." Nikamwambia barua za namna hiyo jamaa anazipata za kutosha kutoka kwa mawakili wenzake. Kwako anataka kusikia sauti anayoijua. Mimi ni katibu wa chama chetu cha kufa na kuzikana Mwanjelwa, jumbe za misiba napita nazo sana, kwa hiyo naandika nilivyomwelekeza.

Hatua ya 1: Hakikisha habari kwa mtu wa familia. Usiweke kitu status kabla wao hawajatangaza.

Hatua ya 2: Andika ujumbe. Hapa ndipo watu wanapokwama, tulia kidogo.

Kitaa ni cha mshikaji, heshima ni ya marehemu. "Oya mwanangu", "mwaisa", "dah", "inauma kinoma", yote ruksa, maana unaongea na yeye. Ila ukifika kwa mzee, badili. Usiandike kadedi, kadanja wala kavuta, hata kama ndivyo mnavyosema kila siku kijiweni. Andika "ametutoka" au "ametangulia", au sema tu "nimesikia habari za mzee". Hata "mshua" mimi naliacha. Simu ya mfiwa haikai mkononi mwake: binamu anaishika, shangazi anaisoma kwa sauti sebuleni.

Maneno ya dini nayo yaendane na nyumba yenyewe. Mkoa huu una Wamoravian wengi, Walutheri, Wakatoliki, Wapentekoste na Waislamu, na si wote wanaomwombea marehemu kwa namna moja. Kama huna hakika, "Mungu awatie nguvu" inaingia kila nyumba.

Halafu kuna mambo mawili ya wakili. La kwanza, achana na "hii ni hukumu isiyo na rufaa". Wengi wanaiona tamu, lakini yeye neno rufaa ni kazi yake ya kila siku, na baba yake si jalada. La pili, usimwambie "kaza" wala "komaa". Msomi wa familia ndiye kila mtu anamtegemea: anaongoza kamati, anapokea wageni, anaandika wasifu wa marehemu. Anakosa hata pa kulilia. Mpe ruhusa hiyo wewe.

Tuliishia hapa:

"Oya mwanangu, nimesikia habari za mzee. Dah, inauma kinoma, sina la kusema. Alikuwa ananiita mwanaye na mimi nilimwona baba. Ukitaka kulia lia tu, nipo. Usihangaike kujibu, kesho jioni nakuja home. Mungu awatie nguvu."

Ule mstari wa mzee kumwita mwanaye ni wa dogo mwenyewe. Wa kwako utafute kwako, usinakili. Mfiwa akiwa dada, toa "mwanangu", weka jina mnalomwita.

Hatua ya 3: Tuma SMS ya kawaida. Ujumbe wa sauti siupendi kabisa kwenye msiba, mtu hawezi kuusikiliza katikati ya wazee. Stika ndiyo usithubutu.

Hatua ya 4: Muulize kuhusu kesi. "Kesi za wiki hii nani anazishika?" Wakili mwenzake anaweza kusimama kwa niaba yake na kuomba tarehe nyingine, lakini lazima kuwe na mtu wa kumkumbusha. Mdai na wakili wake wasipotokea, shauri linaweza kufutwa. Jitolee kumpigia karani wake au kupeleka mafaili kwa huyo mwenzake.

Hatua ya 5: Nenda. Mazishi yakiwa Tukuyu, beba koti zito na mwavuli. Kwa mama yake ni "Shikamoo mama, pole sana kwa msiba", kitaa kibaki nje kwenye kuni na vijana wenzako. Na tafadhali, usimuulize jamaa habari za mirathi wala mgogoro wa shamba lako. Msibani wakili huvutwa pembeni na kila mwenye shida ya kiwanja, ukiona anavutwa, nenda kamtoe.

Hatua ya 6: Rambirambi mpe mwenye daftari, mkononi. Ukituma kwa simu litatokea jina la usajili, na mshikaji wako anakujua kwa jina la kitaa, kwa hiyo mwambie mwandishi aandike yote mawili.