Jinsi ya kuwaona bakteria wakiogelea na kunasa kwenye kioo

Kila kundi la wanafunzi wa mazoezi linalopita maabara yetu hapa Mbeya huniuliza: "Dada, huyu anaogelea au anatikisika tu?" Zoezi zima liko kwenye swali hilo, kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Tafuta darubini yenye lenzi za kukuza mara 10 na mara 40, slaidi yenye kishimo, vioo vyembamba vya kufunikia, Vaseline, njiti ya kiberiti, glasi na konzi ya nyasi kavu. Usitumie sampuli ya mgonjwa.

Hatua ya 1: Otesha. Loweka nyasi kwenye maji ya mvua au ya mto. Ya bomba yakiwa na klorini yatakuangusha. Simamisha kioo kimoja chembamba humo ndani, funika glasi kwa kitambaa, kisha subiri siku tatu. Juni na Julai, baridi ya huku ikishika, subiri hata siku tano. Maji yakipata ukungu kama ya kuoshea mchele, yako tayari.

Hatua ya 2: Ning'iniza tone. Paka Vaseline kwenye kingo zote nne za kioo kingine chembamba, weka katikati tone dogo la yale maji ya nyasi kwa njiti, laza slaidi juu yake kishimo kikitazama chini, kisha geuza vyote kwa mkupuo mmoja. Tone lining'inie bila kugusa kitako cha kishimo.

Ziba kweli kweli. Nikiwa mgeni kwenye kazi niliacha pembe moja wazi. Tone likaanza kukauka, mkondo ukawaburuta bakteria wote, nami nikaandika "wanaogelea". Msimamizi aliporudia kipimo, hakuna hata mmoja aliyekuwa anaogelea.

Hatua ya 3: Punguza mwanga. Teremsha kondensa (lenzi ya chini inayokusanya mwanga) na ubane diafragma (tundu linalopitisha mwanga huo), maana bakteria asiyepakwa rangi hupotea kwenye mwanga mkali. Tafuta ukingo wa tone kwa lenzi ya 10, ndipo uhamie ya 40. Asubuhi ya baridi acha slaidi ipate joto la chumba kwanza. Baridi huwapunguza kasi.

Hatua ya 4: Chagua mmoja, mfuate. Wakienda wote upande mmoja kwa mwendo mmoja, huo ni mkondo. Akitetemeka palepale, anapigwapigwa na molekuli za maji, na hata chembe ya vumbi hufanya hivyo. Anayeogelea hukata njia yake na kupishana na wenzake, husita, hugaagaa kidogo, halafu hushika uelekeo mwingine. Viumbe wakubwa wanaopita kwa kishindo si bakteria, waache.

Kinachomsukuma ni flajela, yaani mjeledi, ambao huzungushwa na mota iliyo kwenye ukuta wa seli. E. koli, bakteria wa kawaida wa utumbo, ana mijeledi kadhaa. Yote ikizunguka kinyume na saa hujisokota kuwa fungu moja, naye husonga mbele mikrometa (sehemu ya elfu ya milimita) 20 hadi 30 kwa sekunde, zaidi ya mara kumi ya urefu wake. Mmoja au zaidi ukigeuza mzunguko, fungu hufumuka, na hapo ndipo anapogaagaa. Mjeledi wenyewe hutauona kwa darubini hii: unene wake ni nanometa (sehemu ya elfu ya mikrometa) 20 hivi.

Hatua ya 5: Sasa tazama walionasa. Toa kile kioo cha Hatua ya 1, kisuuze taratibu mara mbili kwa maji safi, futa upande mmoja, kisha laza ule mwingine juu ya tone la maji kwenye slaidi ya kawaida. Waliobaki wameshikilia. Wengi wa jamii hii hutumia pili, neno la Kilatini lenye maana ya nywele: vinywele vifupi na vyembamba kuliko mjeledi. Pili za aina ya nne hurushwa, hushika, kisha huvutwa ndani, na seli ikajikokota juu ya kioo. E. koli wa njia ya mkojo hushikilia ukuta wa kibofu kwa pili za aina nyingine, ile ya kwanza, ndiyo maana mkojo peke yake hauwaondoi wote.

Ukibahatika utamwona mmoja akizunguka papo hapo kama pia. Mjeledi wake umenasa kwenye kioo, kwa hiyo mota inazungusha mwili. Mwaka 1974 Michael Silverman na Melvin Simon, Marekani, waliwanasisha E. koli hivyo makusudi, na ikathibitika kwamba mjeledi huzunguka, haupungi kama mkia.

Hatua ya 6: Safisha. Loweka vyote kwenye dawa ya klorini kwa nusu saa. Ile glasi usiisuuze tu, isugue kwa brashi hadi ule utelezi wa ndani utoke.