Somo: Safari ya siku moja ya kayaki na kiongozi, Ziwa Tanganyika mwambao wa Kigoma

Somo hili ni la mtu ambaye hajawahi kushika kafi, anayetaka kutoka asubuhi upande wa Bangwe au Katonga akiwa na kiongozi anayelipwa, apite kandokando ya miamba na fukwe, ale chakula cha mchana nchi kavu, kisha arudi salama. Wenzetu wanaotoka Dar es Salaam na Tanga huja wakidhani ziwa ni bahari iliyopunguzwa makali. Dhana hiyo waiache stesheni. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofikia mita 1,470 hivi na urefu wa takriban kilomita 670, kwa hiyo upepo ukishika njia kutoka kusini hupata uwanja mrefu wa kukuza mawimbi, nayo huwa mafupi, yamesimama na yamefuatana kwa karibu. Hapa hakuna maji kujaa na kupwa ya kukupangia saa ya kuondoka. Anayepanga ni upepo.

Hatua ya kwanza: siku na saa

Kati ya Mei na Septemba mvua ni haba, lakini kusi huvuma kwa nguvu. Kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili ziwa huweza kutulia kama mafuta asubuhi, kisha alasiri likaja wingu la radi. Hakuna msimu usio na kasoro. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usiku wa kuamkia safari, na asubuhi uwaulize wavuvi wanaorudi na vipe, yaani vyombo vyao vya kuvulia dagaa, kwa kuwa wao wametoka humo humo ndani.

Kuhusu saa, kumbuka kwamba Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi ilhali tunatumia saa moja ya taifa zima; jua letu huchomoza dakika 40 hivi baada ya lile la Dar es Salaam. Saa 12:00 asubuhi bado ni giza. Ondokeni mara kukipambazuka vizuri, mnamo saa 1:15, wakati vilima vilivyo nyuma yenu bado vinatupa kivuli majini na upepo mwepesi wa kutoka nchi kavu ndio unaovuma. Upepo huo ni mtamu lakini una hila, kwani unasukuma kuelekea Kongo. Ndiyo sababu kiongozi makini hawaachi wageni wake waende mbali na ukingo, hata maji yakiwa kioo.

Kwa maoni yangu, jambo linalopangwa vibaya kuliko yote ni chakula cha mchana. Wengi huenda hadi mwisho wa safari, wakala, wakapumzika, kisha wakaanza kurudi saa 9:00 upepo wa ziwani ukiwa umeshaamka na jua la magharibi likiwapiga usoni. Mwombe kiongozi apange kinyume chake: sehemu ya mbali ifikiwe mapema, mgeuze, na chakula kiliwe katika ufuko ulio karibu na mlikoanzia. Upepo ukichafuka, kilichobaki kiwe kipande kifupi, au hata cha kutembea kwa miguu. Kama upepo umeanza mapema, anzeni kwa kuukabili ili urudi nao mgongoni.

Hatua ya pili: kumkagua kiongozi na chombo

Usione haya kuuliza. Je, kiongozi ana kamba ya kuvutia, filimbi, simu iliyo ndani ya mfuko usiopitisha maji, na mtu wa nchi kavu anayejua njia na saa ya kurudi? Jaketi okozi lijaribiwe likiwa mwilini: funga vifungo vyote, kisha mwenzako alivute mabegani kwenda juu. Likifika masikioni, si lako. Kayaki ndefu ya kukaa ndani ina mwendo mzuri, lakini mgeni nampendekezea ile ya kukaa juu, kwa sababu ikipinduka haijai maji na kupanda tena ni rahisi.

Hatua ya tatu: mazoezi katika maji ya kiunoni

Shika kafi mikono ikiwa imepita upana wa mabega kidogo. Nguvu itoke kiunoni: chomeka bapa karibu na vidole vya miguu, zungusha kiwiliwili, litoe linapofika nyonga. Anayevuta kwa mikono pekee huchoka kabla ya rasi ya kwanza.

Kisha pindukeni kwa makusudi, na zoezi hili lisirukwe. Ukiwa majini, shika kayaki kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa upepo huipeperusha upesi kuliko unavyoogelea. Iweke sawa, shika kingo zake katikati, piga miguu mpaka mwili ulale juu ya maji, jivute hadi kitovu kiwe juu ya kiti, geuka ukae, halafu ndipo uingize miguu. Anayejaribu kupanda kwa goti huipindua tena. Kubalianeni pia ishara: kafi lililosimamishwa wima maana yake njooni kwangu, lililolazwa juu ya kichwa maana yake simameni, na filimbi tatu ni hatari.

Hatua ya nne: njiani

Mgeni huenda kilomita 4 hivi kwa saa, pamoja na kusimama kutazama samaki wa rangi kwenye miamba, maana maji ni maangavu na chini panaonekana vizuri. Kaeni mbali na njia ya meli zinazoingia na kutoka bandarini, kwani nahodha aliye juu hawaoni. Tangu kina cha ziwa kilipopanda miaka ya karibuni, baadhi ya kuta na visiki vilivyokuwa nchi kavu sasa vimo majini. Mnapokaribia ufuko, kiongozi atangulie na wengine wasubiri.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Tabora: Shikamoo mwalimu. Mimi sijui kuogelea kabisa. Nije au nibaki?

Marahaba. Njoo, lakini umweleze kiongozi mapema, upande kayaki ya watu wawili pamoja naye, na ufanye zoezi la kupinduka hadi uone kwamba jaketi linakuelesha. Ukiona hofu haikuachi katika maji ya kiunoni, siku hiyo usiendelee, na kiongozi asikubembeleze.

Dada wa Mwanga: Sisi tunaovaa hijabu tufanyeje?

Inawezekana bila shida. Vaa suruali nyepesi, blauzi ya mikono mirefu na hijabu ya kitambaa cha kuvutika isiyo na pini. Kanga na dera viachwe, kwa sababu vikilowa huzonga miguu. Jinzi nazo ni nzito na hazikauki.

Mwanachama wa Kasulu: Kwa nini tusiende Gombe moja kwa moja?

Kutoka mjini ni kilomita 16 hivi kwenda tu, yaani saa nne za kupiga kafi kwa mgeni, kisha kurudi upepo ukiwa umechachamaa. Isitoshe, hifadhi ina viingilio na taratibu zake, na kuwaona sokwe kunahitaji kutembea na mwongozaji. Panda boti Kibirizi siku nyingine.

Mwanachama wa Ujiji: Mamba na kichocho je?

Mamba na viboko huwa zaidi kwenye midomo ya mito na penye matete, kama upande wa Luiche na Malagarasi. Safari hii haipiti huko. Kichocho kipo, hasa penye maji yaliyotulia, majani na makazi ya watu, kwa hiyo chagueni sehemu za mawe au mchanga msafi wa kushukia. Nenda ukapime baada ya wiki 6 au zaidi, hata kama huna dalili. Maji ya ziwa msiyanywe bila kuyatibu. Bebeni lita 3 kila mtu.

Mwanachama wa Uvinza: Kiongozi akiahirisha, fedha zetu zinarudi?

Hilo liandikwe kabla ya kulipa. Mpe malipo ya awali tu, na sharti liseme wazi kwamba akiahirisha kwa sababu ya upepo mtapewa siku nyingine au mtarudishiwa. Kiongozi anayejua fedha yote imo mfukoni mwake, na kwamba haitarudi, ana kishawishi cha kuwatoa hata ziwa likiwa limeshaanza kutoa mapovu meupe.