Pima prosesa ya laptopu ya mtumba kwa sysbench

Mtu akiniletea laptopu ya mtumba na kulalamika kuwa ni nzito, sikimbilii kumwambia aongeze RAM. Kwanza napima prosesa, na ninachokitafuta hasa ni joto. Natumia sysbench, programu huria inayoendeshwa kwa kuandika amri. Mfano huu ni wa mfumo endeshi wa Ubuntu.

1. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uisakinishe pamoja na kisoma joto:

`sudo apt install sysbench lm-sensors`

2. Chomeka chaja, funga kivinjari na programu nyingine zote. Laptopu iliyo kwenye betri mara nyingi hujipunguzia kasi ili kutunza chaji, na hapo utapima betri badala ya prosesa.

3. Anza na thredi moja, yaani mkondo mmoja wa kazi ndani ya prosesa:

`sysbench cpu --cpu-max-prime=20000 --threads=1 --time=30 run`

Prosesa itatafuta namba tasa hadi 20000 kwa kugawanya namba moja baada ya nyingine. Ikimaliza inahesabu tukio moja, inaanza upya, hadi sekunde 30 ziishe. Soma mstari wa `events per second`: ukubwa wa namba hiyo ndio kasi. Rudia mara tatu. Usipotaja kikomo, programu hutumia 10000, kwa hiyo matokeo ya vikomo tofauti hayalinganishwi kabisa. Vivyo hivyo mfumo wa biti 32 na wa biti 64.

4. Sasa thredi zote kwa pamoja, kwa muda mrefu. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, nami naiona ndiyo yenye maana kuliko zote (`$(nproc)` hujaza yenyewe idadi ya thredi za mashine):

`sysbench cpu --cpu-max-prime=20000 --threads=$(nproc) --time=600 --report-interval=10 run`

Kore (viini vya prosesa) nne zenye thredi nane hazitakupa mara nane ya kasi ya thredi moja. Thredi mbili za kore moja zinagawana vifaa vilevile.

Katika terminali ya pili andika `watch sensors`. Kila sekunde 10 sysbench itaandika `eps`, kifupi cha `events per second`. Ikianza juu kisha ikaporomoka huku joto likikaribia nyuzi 100, prosesa inajibana isiungue. Fungua mashine, toa vumbi kwenye feni, badilisha pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, halafu rudia hatua hii hii kwa amri ile ile.

Ikiwa `eps` imetulia dakika zote kumi na mashine bado ni nzito, iache prosesa ukakague diski. Sysbench hapa haikuigusa.