Sinawali ya mapigo sita: angalia mkono unaosubiri

Sinawali ni zoezi la fimbo mbili katika arnis, sanaa ya kupigana kwa silaha ambayo sheria ya Ufilipino ya mwaka 2009 iliitangaza kuwa mchezo wa taifa. Wengine huiita eskrima au kali. Jina la zoezi limetokana na sawali, yaani kuta za mianzi iliyopasuliwa na kusukwa kama mkeka. Kwenye sawali ufito mmoja hupita juu na mwingine chini, na ukikosea zamu ukuta unabaki na tundu. Mikono nayo ni vivyo hivyo. Wengi wanaoanza hukariri mapigo sita na bado mikono yao hufungana, kwa sababu hawakufundishwa fimbo ikishapiga inakwenda kukaa wapi.

Fimbo

Tumia henzirani, urefu wa sentimita 71 hivi, unene wa sentimita 2.5, na zote mbili ziwe na uzito unaokaribiana. Henzirani imejaa ndani. Ikichoka hufumuka nyuzinyuzi, haikatiki na kuacha ncha. Mwanzi una uwazi ndani na hupasuka vibanzi vikali, kwa hiyo usiutumie kabisa mkiwa wawili. Kamagong, ule mti mweusi mgumu wa Ufilipino, ubaki kwa mazoezi ya peke yako: ni mzito, na ukiteleza kidogo tu unaweza kumvunja mwenzako mfupa.

Fimbo mpya zikigongana kwa nguvu hutoa harufu ya kitu kinachoungua. Usishtuke, ndivyo henzirani ilivyo. Kabla ya kila zoezi pitisha kitambaa cha pamba kwenye theluthi ya mwisho, upande wa ncha. Kikinasa, nyuzi zimeanza kuinuka, basi zungushia tepu ya mafundi umeme. Mlio ukigeuka kutoka ule mkavu wa "ta" ukawa umefifia kama unapiga godoro, iweke kando.

Kushika

Acha sentimita 5 hadi 7 chini ya ngumi. Sehemu hiyo huitwa punyo. Vidole vyote vizunguke fimbo na kidole gumba kilale juu ya cha shahada. Usikinyooshe gumba kwenye mgongo wa fimbo, hata kama inahisi vizuri: pigo likipokelewa, nguvu yote hurudi kwenye kiungo cha gumba, na fimbo hung'oka mkononi kirahisi. Kaza kidole cha mwisho na cha pete tu, vingine vilegee mpaka fimbo inapogusa.

Hatua ya 1: mikono mitupu

Usiguse fimbo bado. Weka ngumi ya kulia juu ya bega la kulia, na ya kushoto chini ya kwapa la kulia. Hapo ndipo mwanzo. Kanuni ni hii: mkono wa begani hutangulia, wa kwapani hufuata. Hesabu kama wanavyohesabu Wafilipino: isa, dalawa, tatlo, apat, lima, anim.

Isa: mkono wa kulia unashuka mshazari kuelekea kushoto, kiganja kikitazama juu, kisha unatua juu ya bega la kushoto. Kiwiko chake kibaki kimeinuka, usawa wa kifua.

Dalawa: mkono wa kushoto unatoka kwapani, unapita chini ya kile kiwiko, unapiga kwa mgongo wa mkono kwenda kushoto, unatua bega la kushoto.

Tatlo: wa kulia unaondoka bega la kushoto wakati wa kushoto unafika. Unapiga kwa mgongo wa mkono kwenda kulia, halafu unarudi chini ya kwapa la kushoto.

Sasa umegeuka kioo: kushoto begani, kulia kwapani. Apat, lima na anim ni yaleyale kwa upande wa pili, na ukimaliza uko pale ulipoanzia. Rudia mara 50 taratibu. Inachosha, lakini hapa ndipo zoezi zima linapojengwa.

Hatua ya 2: fimbo, peke yako

Kosa litakalokupata kwanza ni la dalawa: fimbo ya kushoto inakwama chini ya mkono wa kulia. Sababu yake iko kwenye isa. Uliangusha kiwiko ukaziba mlango. Usiirekebishe dalawa; rudi uinue kiwiko.

La pili ni la tatlo. Mkono wa kulia ukishapiga hupenda kurudi begani kwake, kwa kuwa ndiko ulikozoea. Ukienda huko, apat haina mwenzake wa kufuata na mdundo unakatika.

Tumia programu ya simu inayogonga midundo 60 kwa dakika, pigo moja kwa kila mdundo. Raundi ya dakika 3 ni mizunguko 30. Fanya raundi 4. Usiongeze mdundo mpaka umalize raundi nzima bila kutazama mikono.

Hatua ya 3: mkiwa wawili

Vaeni miwani ya kukinga macho, kisha mwamkiane kwa pugay kabla ya kuanza. Nyooshaneni fimbo za kulia: zikutane kwenye sentimita 10 hadi 15 za mwisho. Mkiwa karibu zaidi, fimbo zitashuka kwenye vidole. Vidole vikigongwa, kwanza pimeni umbali upya, ndipo mtafute kosa lingine.

Wote mnaanza isa pamoja. Kulia hukutana na kulia, kushoto na kushoto, zikipishana mshazari usawa wa macho. Lenga upande wa kichwa cha mwenzako kwa nguvu ndogo. Ukilenga fimbo yake, mkono wako unajifunza kupiga fimbo, na siku fimbo haipo pigo lako litapita hewani. Macho yakae juu ya kifua chake. Bega huonyesha pigo linalokuja kabla ncha haijasogea.

Mkizoea, shusheni dalawa na lima mpaka usawa wa goti, mengine yabaki juu. Pindeni magoti, msiiname kiunoni: anayeinama analeta paji la uso mahali ambapo tatlo inapita.

Hatua ya 4: miguu

Chora pembetatu chini kwa chaki, kila upande hatua moja ya kawaida. Simama kwenye ncha moja. Mguu wa kulia uende kona ya kulia ya mbele kwenye isa, urudi kwenye tatlo. Wa kushoto uende kona ya kushoto kwenye apat, urudi kwenye anim. Mwenzako abaki palepale mwanzoni, la sivyo umbali utawapotea.

Kupima kama mmeiva, mmoja aseme "simama" wakati wowote bila kuonya. Mkisimamishwa baada ya tatlo, fimbo ya kulia iwe kwapani kushoto na ya kushoto begani. Baada ya anim, kinyume chake. Asiyekuwa hivyo aweke fimbo chini arudie mikono mitupu, mizunguko 20, kabla ya kuzishika tena.