Umegonga gari lililopaki na mwenyewe hayupo: ya kufanya kabla hujaondoka

Mimi ni fundi bodi na rangi, Dar es Salaam. Magari mengi yanayoingia gereji kwetu hayakupata ajali barabarani. Yamegongwa yakiwa yamepaki: nje ya ukumbi wa harusi, kwenye mitaa ya Kariakoo, au uani kwenye nyumba za kupanga ambako magari manne yanabanana mahali pa mawili. Aliyegonga alikuwa anarudi rivasi, au anakata kona atoke. Ninayekutana naye mimi ni mwenye gari, asubuhi yake, kashika funguo na hajui amdai nani. Ndiyo maana nakuandikia wewe uliyegonga.

Zima injini, washa hazadi, shuka. Chungulia ndani ya gari ulilogonga kabla hujatazama mkwaruzo, maana mara nyingine kuna mtoto kaachwa, au dereva kalaza siti anasinzia. Akiwa ameumia, habari ya bati inasubiri. Atahitaji hospitali, na polisi watamwandikia PF3, fomu ya kutibiwa.

Kama hakuna aliyeumia, usisogeze gari lako bado. Toa simu upige picha. Moja iwe ya mbali, ionyeshe magari yote mawili na namba zake. Halafu chuchumaa, simu iwe usawa wa bampa, upige pale yalipogusana. Kisha zunguka gari lile lote upige na sehemu ambazo hukuzigusa. Watu wengi hulisahau hili. Gari la mjini lina mikwaruzo ya zamani, na bila picha utajikuta unadaiwa mpaka mlango ambao hukuukaribia.

Sasa mtafute mwenyewe. Wengi huacha namba ya simu kwenye dashibodi, hasa wanaopaki Kariakoo. Kama haipo, muulize mlinzi, waulize madereva wa bodaboda wa kijiwe cha karibu, muulize anayekusanya ushuru wa maegesho. Hawa wanajua gari la nani hukaa wapi. Ukumbini, mfuate MC atangaze namba ya gari. Nyumba ya ibada, waone wazee au wahudumu walioko mlangoni.

Usipompata, andika karatasi: jina lako kamili, namba ya simu inayopatikana, namba ya gari lako, saa, na maneno machache ya ukweli, kwa mfano "Nimekugonga bampa ya mbele, kulia, nikirudi rivasi. Tafadhali nipigie kabla hujaendesha mbali." Ibandike kwa selotepu kwenye kioo cha upande wa dereva, kwa sababu karatasi ya kwenye waipa hupeperuka au huloa. Ipige picha ikiwa imebandikwa. Nakala ya pili mwachie mlinzi, na jina lake uliandike. Kisha pita kituo cha polisi utoe taarifa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva aliyepata ajali asimame na ajitambulishe, na kituoni ndipo inapobaki kumbukumbu kwamba hukukimbia.

Maneno "kabla hujaendesha mbali" nimeyaweka kwa makusudi. Bampa za magari yetu haya ya Kijapani, IST, Noah, Harrier, ni za plastiki. Zikigongwa taratibu hubonyea kisha zinajirudi zenyewe, na kwa nje unaona mchubuko wa rangi tu. Nyuma yake kuna klipu, kuna vishikizo vya taa, kuna chuma kinachovuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kwa mbele, nyuma kidogo ya chuma hicho, kuna kondensa ya AC na rejeta. Tuliwahi kuletewa Noah ya mama mmoja, imevutwa. Alikuta mchubuko mbele ya gari lake sokoni, hakuna karatasi, hakuna aliyeona, akasema ni rangi tu, akaanza safari ya Chalinze. Rejeta ilikuwa imepata ufa pale juu kwenye plastiki. Maji yakaisha njiani, injini ikachemka, gasketi ya silinda hedi ikaungua. Kazi ya bampa ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote pale. Laiti angeachiwa mstari mmoja wa kumwambia atazame mbele, angefungua boneti palepale. Sijui aliyemgonga ni nani, wala yeye hajui.

Kwa sababu hiyohiyo nakuomba usikubali kutaja bei palepale. Mwenye gari akifika atakuwa na hasira, wewe una woga, watu wamejaa, na kila mmoja anataja tarakimu. Ukilipa kwa kukisia, mmoja wenu ataumia: umezidisha, au yeye atafungua bampa kesho akute taa imevunjika vishikizo na akurudie. Mwambie, "Dada, nimekugonga mimi, siendi popote. Twende kwa fundi afungue tuone." Fundi avue bampa mkiwepo wote wawili, aandike kila kitu: spea ipi, mpya au used, kunyoosha, rangi, ufundi. Mwenye gari ana haki ya kuchagua fundi anayemwamini. Nawe una haki ya kupata bei ya fundi wa pili. Gurudumu likiwa limeguswa, msiishie kwenye bodi, kapimeni na alaimenti.

Kuhusu bima, amua mapema. Mkitaka kuyamaliza wenyewe, andikianeni. Ukitaka bima yako ilipe, mwite trafiki aje apime, na siku hiyohiyo ipigie kampuni yako kabla hujaahidi kiasi chochote, kwa sababu mikataba mingi inakukataza kukubali kulipa bila ridhaa yao. Kusema "nimegonga mimi" ni kueleza kilichotokea. Kusaini kwamba utalipa kiasi fulani ni jambo jingine. Kampuni ya bima itakudai fomu za polisi za ajali, PF 90, PF 93 na PF 115, na gari lisiguswe mpaka mkaguzi wake alione. Trafiki anaweza kukuandikia notifikesheni, yaani faini, ilipe. Bima ndogo ni ya madhara uliyomfanyia mwenzako, gari lako utalitengeneza kwa mfuko wako. Na kama huna hakika kama bima yako iko hai, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima, TIRA MIS, unaonyesha kwa namba ya gari.

Gari likiwa na namba za STK, STL, DFP au SU, yaani la serikali, la mradi wa wafadhili au la shirika la umma, usijaribu kumalizana na dereva wake. Gari si lake. Nendeni polisi.

Kwenye rangi ndiko ninakoona ugomvi mwingi usio na sababu. Mtu anaambiwa bei ya kupaka bampa nyeupe, anapiga simu kwa jamaa yake aliyepaka nyeupe kwa nusu yake, anaanza kumwita mwenye gari tapeli. Fungueni boneti au mlango wa dereva, mtafute kibati chenye maandishi C/TR, hapo ndipo penye namba ya rangi. Kwa Toyota, ikiwa 040 ni nyeupe ya kawaida. Ikiwa 070 ni nyeupe ya lulu: inapigwa nyeupe ya chini, juu yake tabaka la lulu, halafu klia, ile rangi angavu ya kung'arisha. Ni kazi ndefu zaidi na inataka mkono mzoefu, kwani tabaka la lulu likizidi kidogo bampa inaonekana ya gari jingine. Kwa hiyo bei mbili tofauti za "nyeupe" zinaweza kuwa halali zote.

Pesa ya spea lipa dukani mwenyewe ukipewa risiti, na ya ufundi itume kwa simu ili ujumbe ubaki. Siku ya kuchukua gari nendeni wote mchana, mlitoe nje juani, kwa sababu chini ya bati la gereji rangi zote zinafanana. Tazameni bampa na fenda kwa pembeni, washeni taa, mpitishe kidole kwenye mwanya kati ya bampa na boneti, uwe sawa kulia na kushoto. Mwenye gari akiridhika aandike kwamba limetengenezwa na hana dai, asaini, na kila mmoja abaki na nakala yake.